Dini kama Hazina: Mwongozo wa Kuitumia Imani katika Civilization VI

Wachezaji wengi wa Civilization VI, mchezo wa kompyuta wa kujenga himaya, hushughulika na dini siku mbili tu katika mchezo mzima: siku wanapoianzisha, na siku wanapogundua kwamba miji yao imejaa mitume wa jirani. Katikati ya siku hizo mbili Imani hujikusanya juu ya skrini, mia tano, mia tisa, elfu na mia mbili, bila mwenyewe kujua ni ya kazi gani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hili ndilo kosa ambalo mwongozo huu unakusudia kulitibu. Msimamo wangu ni kwamba Imani ni sarafu ya pili ya himaya, sambamba na dhahabu, na kwamba kila uamuzi wa dini, kuanzia panteoni (fundisho la kwanza kabisa, linalotangulia dini yenyewe) hadi mtume wa mwisho, lazima utanguliwe na swali moja: nitanunua nini?

Ninayoyaeleza yanahusu mchezo uliotolewa na Firaxis mwezi Oktoba 2016, pamoja na nyongeza zake mbili kubwa, Rise and Fall ya 2018 na Gathering Storm ya 2019. Toleo la saba, lililotoka Februari 2025, linaiendesha dini kwa kanuni nyingine na halihusiki hapa. Takwimu zote ni za mchezo wa kasi ya kawaida. Kwa kuwa mchezo wenyewe hauna Kiswahili, majina ya mafundisho, kadi za sera na maajabu nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini ili uyatambue unapoyakuta. Mambo ya jumla nitayaita kwa lugha yetu. Wilaya inayoitwa Holy Site nitaiita wilaya ya ibada, na majengo yake mawili ya mwanzo nitayaita madhabahu na hekalu.

Hatua ya kwanza: amua matumizi kabla ya kujenga chochote

Kabla ya kuweka wilaya ya kwanza ya ibada, jiulize Imani yako itakwenda wapi. Njia inayojulikana zaidi ni ushindi wa kidini, ambao unataka dini yako iwe ndiyo kuu katika kila taifa lililobaki kwenye ramani. Njia ya pili ni upanuzi, ambapo Imani hununua walowezi na wajenzi. Ya tatu ni utamaduni na utalii, ambapo Imani hununua hifadhi za taifa, bendi za roki na watu mashuhuri. Ya nne ni vita, ambapo Imani hununua askari. Njia hizi zinaweza kuchanganywa, lakini kila moja inadai mafundisho yake, na mafundisho yakishachaguliwa hayabadilishwi.

Uamuzi huu una gharama ambayo wageni hawaioni. Mji wenye mkazi 1 unaruhusiwa wilaya moja tu maalumu. Ya pili huja mji unapofikisha wakazi 4, na ya tatu unapofikisha 7. Kwa hiyo mji uliotanguliza ibada utachelewa kupata wilaya ya elimu au ya biashara kwa zamu nyingi za mwanzo, zile ambazo kila pointi ya sayansi ina thamani kubwa. Mchezaji anayejenga ibada katika kila mji kwa sababu tu ameona milima ni sawa na mkulima anayelima shamba zima zao asilojua soko lake.

Soma pia kiongozi uliyempata. Peter wa Urusi hana sababu ya kusita: wilaya yake ya Lavra inagharimu nusu ya bei ya kawaida, na ardhi ya tundra, ambayo wengine huikimbia, humpa Imani na uzalishaji. Menelik II wa Ethiopia hupata sayansi na utamaduni sawa na asilimia 15 ya Imani inayozalishwa katika miji aliyoijenga juu ya vilima, hivyo kwake ibada haishindani na elimu hata kidogo. Mansa Musa wa Mali hupata Imani na chakula kwa kila kigae cha jangwa kinachopakana na kitovu cha mji, na anaruhusiwa kununua majengo ya wilaya ya biashara kwa Imani, jambo linalomwezesha kuigeuza Imani kuwa dhahabu karibu moja kwa moja. Saladin wa Uarabuni anahakikishiwa nabii wa mwisho hata kama hajajenga kitu, kwa hiyo anaweza kutanguliza mambo mengine bila hofu ya kukosa dini. Ukiwa na kiongozi asiye na uhusiano wowote na Imani, na ukiwa umezaliwa katika tambarare isiyo na mlima wala msitu, ni halali kabisa kuacha kuanzisha dini. Nitalieleza hilo mwishoni.

Hatua ya pili: panteoni

Panteoni hupatikana unapofikisha Imani 25, na fundisho likishachukuliwa na taifa moja halipatikani tena kwa mwingine. Namna ya kawaida ya kufika huko ni kuweka kadi ya God King mara unapomaliza Code of Laws (moja ya hatua za maendeleo zinazolipiwa kwa utamaduni), kadi ambayo hutoa Imani 1 na dhahabu 1 kwa zamu katika mji mkuu. Hesabu ni nyepesi: peke yake itakuchukua zamu 25. Ukiwa wa kwanza kukutana na mji-dola wa kidini, mjumbe wa bure atakayekuja nao huongeza Imani 2 kwa zamu, na safari ya zamu 25 inakuwa ya zamu tisa hivi. Ndiyo sababu mpelelezi wa pili mwanzoni mwa mchezo mara nyingi ana faida kuliko shujaa wa pili.

Katika kuchagua, fuata ardhi na uachane na mazoea. Ukiwa jangwani, Desert Folklore huipa wilaya ya ibada Imani 1 kwa kila kigae cha jangwa kilichopakana nayo. Dance of the Aurora hufanya vivyo hivyo kwa tundra, na Sacred Path kwa msitu wa mvua. Wilaya iliyozungukwa na vigae vitano vya aina hiyo inazidi ile iliyobanwa kati ya milima mitatu. Kama ardhi haikupi chochote cha namna hiyo, chukua Religious Settlements, ambayo hukukabidhi mlowezi wa bure papo hapo. Naiona kuwa panteoni bora kuliko zote kwa mchezaji asiyekusudia dini, kwa sababu mji mmoja wa mapema huzaa kuliko fundisho lolote dogo. Kompyuta nayo huipenda, kwa hiyo usitegemee kuikuta ukichelewa.

Hatua ya tatu: mahali pa wilaya ya ibada

Wilaya hii hufunguliwa na Astrology, na utafiti wake huharakishwa ukigundua ajabu lolote la asili. Ajabu hilo hilo ndilo jirani bora wa wilaya: kila kigae chake huongeza Imani 2, mlima wa kawaida huongeza 1, na kila msitu au wilaya nyingine iliyo kando huongeza nusu. Msomaji wa Afrika Mashariki atafurahi kukuta Kilimanjaro miongoni mwa maajabu hayo. Mbali na Imani hizo 2, mlima huo huongeza chakula 2 kwa vigae vilivyopakana nao, na mji uliokaa chini yake hukua haraka kiasi kwamba ile gharama ya kukosa nafasi ya wilaya ya pili karibu haisikiki.

Jambo moja la kiufundi huokoa uzalishaji mwingi. Gharama ya wilaya hupanda kadiri unavyoendelea katika utafiti na utamaduni, lakini hugandishwa siku unapoweka msingi. Weka msingi wa wilaya mara tu nafasi inapopatikana, hata kama utaendelea kujenga mlowezi kwanza. Ukirudi zamu ishirini baadaye utaukuta kwa bei ya zamani.

Hatua ya nne: mbio za nabii

Dini huanzishwa na nabii, na idadi ya dini ina kikomo. Katika ramani ya kawaida yenye mataifa 8 zipo nafasi 5 tu. Katika ramani ndogo ya mataifa 6 zipo 4. Katika kubwa kabisa ya mataifa 12 zipo 7. Nabii wa kwanza hugharimu pointi za nabii 60. Wilaya ya ibada hutoa pointi 1 kwa zamu na madhabahu hutoa 1 nyingine, kwa hiyo mji mmoja wenye vyote viwili utahitaji zamu 30. Ukiwa na miji miwili ya namna hiyo na kadi ya Revelation, inayoongeza pointi 2 na inayofunguliwa na Mysticism, unafikia pointi 6 kwa zamu, na nabii anakuja katika zamu 10. Panteoni ya Divine Spark huongeza pointi 1 kwa kila wilaya ya ibada. Ukiona wapinzani wamebakiza nafasi moja, simamisha kila kitu na uendeshe mradi wa Holy Site Prayers katika miji yote yenye wilaya hizo. Ni afadhali kupoteza zamu sita za uzalishaji kuliko kumiliki wilaya tatu za ibada zisizo na dini ya kuzitumikia.

Njia ya mkato ni ajabu la Stonehenge, ambalo hukupa nabii moja kwa moja. Hugharimu uzalishaji 180 na linahitaji kigae tambarare kilichopakana na mawe. Katika ngazi za chini za ugumu ni biashara nzuri. Katika ngazi ya Deity, ambako kompyuta huanza na walowezi watatu, mimi siligusi: nimewahi kulikosa kwa zamu mbili, na uzalishaji wa theluthi moja ya mwanzo wa mchezo ukawa umekwenda bure.

Nabii akishapatikana, mpeleke kwenye wilaya ya ibada au Stonehenge na uianzishe dini. Jina na alama utakavyochagua havina athari yoyote ya kikanuni. Uislamu, Ukristo, Ubuddha au jina ulilolitunga mwenyewe vyote hufanya kazi sawasawa. Mchezaji anayesita hapo kwa sababu za dhamiri na aandike jina la kubuni, aendelee.

Hatua ya tano: mafundisho

Dini huanza na mafundisho mawili, la waumini likiwa lazima, na hukamilika ikiwa na manne. Mawili ya baadaye huongezwa na mitume, na kila anayefanya kazi hiyo hutoweka. Usiahirishe: fundisho linaloachwa wazi linaweza kuchukuliwa na mwenzako.

Fundisho la waumini ndilo lenye uzito kuliko yote. Work Ethic huipa miji uzalishaji sawa na Imani ya ujirani wa wilaya ya ibada, yaani ile inayotokana na vigae vilivyo kando yake. Aliyepata wilaya yenye ujirani wa 5 au 6 kwa Desert Folklore au Dance of the Aurora hapaswi hata kuyasoma mengine. Kama ujirani wako ni wa 1 au 2, Choral Music ni bora zaidi, kwa kuwa haijali ardhi: madhabahu hutoa utamaduni 2 na hekalu 4, popote yalipo. Jesuit Education hukuruhusu kununua kwa Imani majengo ya wilaya za elimu na za sanaa, na kwa maoni yangu ndilo daraja bora la mtu anayetaka kushinda kwa sayansi huku akiwa na hazina kubwa ya Imani.

Fundisho la pili lifuate lengo. Anayekwenda kwenye ushindi wa kidini achague msikiti kama jengo la ibada, kwa sababu wamisionari na mitume wanaonunuliwa katika mji wenye msikiti hupata hubiri moja la ziada (yaani nafasi moja zaidi ya kueneza dini), na baadaye aongeze Holy Order, inayopunguza bei yao kwa asilimia 30. Anayetaka dhahabu achukue Tithe au Church Property. Asiyetaka kueneza kwa miguu achukue Itinerant Preachers au Scripture, ili dini ijitembeze yenyewe.

Kujitembeza huko kunahitaji maelezo. Kila mji wenye dini kuu husukuma dini hiyo kwa miji yote iliyo ndani ya vigae 10, kila zamu, na mji mtakatifu, yaani ule dini ilikoanzishwa, husukuma mara nne zaidi. Kwa hiyo kundi la miji minne iliyokaribiana ni ngome ambayo haihitaji mhubiri, na mji uliotupwa peke yake mpakani ni wa jirani hata kabla mmisionari wake hajafika.

Hatua ya sita: tumia, usilimbikize

Hapa ndipo hazina inapofanya kazi. Matumizi yenye faida ya haraka kuliko yote huja mapema sana, katika enzi ya dhahabu (enzi ya neema inayopatikana kwa kukusanya alama za enzi) yenye dhamira, yaani lengo unalolichagua enzi inapoanza, ya Monumentality. Dhamira hiyo hukuruhusu kununua walowezi na wajenzi kwa Imani, kwa punguzo la asilimia 30. Mchezaji aliyeingia enzi ya Classical akiwa na Imani mia kadhaa na enzi ya dhahabu mkononi anaweza kuanzisha miji mitatu huku miji yake ya awali ikiendelea kujenga majumba. Nimeona michezo iliyoamuliwa hapo, zamu ya 70 hivi, ingawa ilichukua zamu mia nyingine kuthibitishwa. Kwa sababu hiyo, ukiona alama zako za enzi zinatosha, acha kununua wamisionari zamu kumi kabla ya enzi kubadilika na uweke akiba.

Anayepigana vita ana milango miwili. Serikali ya Theocracy, inayofunguliwa na Reformed Church, na jengo la Grand Master's Chapel katika uwanja wa serikali, kila kimoja humruhusu kununua askari wa nchi kavu kwa Imani. Uzuri wake ni kasi: mji uliozingirwa hupata jeshi zamu hiyo hiyo, na miji mingine haikatishi kazi zake.

Anayetafuta utalii aangalie masalia matakatifu. Salio moja hutoa Imani 4 na utalii 8, na fundisho la Reliquaries huzidisha vyote mara tatu. Mtume mwenye kipawa cha Martyr akiuawa katika mdahalo wa kidini (pambano kati ya wahubiri wa dini mbili) huacha salio, na Mont St. Michel huwapa kipawa hicho mitume wako wote. Mbinu ni ya ajabu kidogo, maana unanunua wahubiri ili wakafe, lakini hekalu likiwa na nafasi ya kuliweka salio, hesabu yake haina ubishi. Baadaye, Conservation itakapofunguka, Imani itanunua wataalamu wa mazingira wa kuanzisha hifadhi za taifa, na baada ya Cold War itanunua bendi za roki. Watu mashuhuri nao hununuliwa kwa Imani, na Oracle hupunguza bei hiyo kwa robo.

Hatua ya saba: kampeni ya kueneza

Anayetaka ushindi wa kidini kwanza aielewe hesabu. Taifa linahesabiwa kuwa lako pale zaidi ya nusu ya miji yake inapofuata dini yako. Taifa lenye miji 3 linataka 2. Lenye miji 8 linataka 5, kwa kuwa 4 ni nusu kamili na haitoshi. Miji-dola haihesabiwi, ingawa nayo husukuma dini iliyo ndani yake. Jerusalem ni ya kipekee: ukiwa msimamizi wake, yaani mwenye wajumbe wengi humo kuliko wengine, hubadilika kuwa wa dini yako na kusukuma kama mji mtakatifu, hivyo ikiwa katikati ya wapinzani inastahili kila mjumbe uliye naye. Zanzibar, ambayo pia ni mji-dola, haina lolote kwa upande wa dini, bali humletea msimamizi wake mdalasini na karafuu. Mtu wa pwani atavumilia upendeleo nikisema kwamba bidhaa hizo mbili, kila moja ikistarehesha miji 6, zimenifaa kuliko mitume wengi.

Wahubiri ni wa aina mbili. Mmisionari ni wa bei nafuu, ana mahubiri 3, na hawezi kuanzisha mdahalo. Mtume ni ghali, naye ana mahubiri 3 ya kuanzia, lakini anaweza kushambulia, na hupewa kipawa. Bei ya kila mmoja hupanda kadiri unavyonunua, kwa hiyo usimtume mmisionari aliyebakiza hubiri moja akafie mpakani. Mahubiri huongezeka kwa msikiti na kwa Hagia Sophia, kila kimoja kikitoa moja, na hivyo mmisionari wa mahubiri 3 anakuwa wa 5. Kumbuka pia kwamba mhubiri aliyejeruhiwa huhubiri kwa nguvu pungufu. Mrudishe kwanza apone kwenye wilaya yako ya ibada, au umnunulie guru wa kufuatana naye.

Kuhusu vipawa: Translator huhubiri kwa nguvu mara tatu katika miji ya mataifa mengine, Proselytizer hufuta sehemu kubwa ya dini iliyokuwepo, Orator huongeza mahubiri 2, na Debater huongeza nguvu 20 katika mdahalo. Wapange kikosi kwa kikosi, Debater akitangulia kusafisha njia, Proselytizer na Translator wakimfuata. Kipawa hutolewa kwa bahati, ila msimamizi wa Yerevan huruhusiwa kuchagua mwenyewe. Gavana Moksha, akishafikia cheo cha Patron Saint, huwapa mitume wanaonunuliwa katika mji wake kipawa cha pili. Nunua mitume wako wote hapo.

Mdahalo wenyewe ndio moyo wa kampeni, na ndipo wengi wanapokosea kwa kuukwepa. Mhubiri akishindwa na kutoweka, dini ya mshindi hupata pointi 250 za msukumo katika kila mji ulio ndani ya vigae 10, na ya aliyeshindwa hupoteza 250 katika miji hiyo hiyo. Yeyote aliyewahi kusimama kwenye mhadhara wa uwanjani na kuondoka bila kujua nani kashinda ataona raha ya kanuni hii. Maana yake kimkakati ni kwamba mtume mmoja anayeua mtume wa adui katikati ya miji yake mitano amefanya kazi ambayo wamisionari wawili wasingeiweza. Subiri basi kundi la adui likusanyike karibu na miji yake, mshambulie aliyejeruhiwa kwanza, na tumia kadi ya Religious Orders, inayoongeza nguvu 5, pamoja na Theocracy, inayoongeza 5 nyingine.

Anza na taifa lenye dini yake mwenyewe lililo karibu zaidi, na ndani ya taifa hilo lenga mji mtakatifu mapema, kwa sababu mji huo ukibaki utairudisha miji mingine kila unapoipa kisogo. Mataifa yasiyo na dini yaache baadaye. Mvemba a Nzinga wa Kongo ni hali ya pekee: haruhusiwi kujenga wilaya za ibada wala kuanzisha dini, bali hufaidika na mafundisho ya dini inayoshika miji yake, na humpenda anayempelekea dini huku akimchukia aliyeanzisha dini akamnyima. Watengenezaji wamefuata historia, kwa kuwa mfalme huyo, aliyebatizwa kwa jina la Afonso na kutawala katika nusu ya kwanza ya karne ya 16, aliupokea Ukristo kutoka kwa Wareno na kuusimika katika ufalme wake. Mpelekee wamisionari mapema, upate rafiki na taifa moja la hesabu kwa bei ndogo.

Viongozi wengine hawana ukarimu huo. Ukigeuza mji wao watakuomba uache, na ukiahidi kisha ukavunja ahadi, manung'uniko hujilimbikiza. Philip II wa Uhispania hukasirika hata kabla ya hapo. Vita ikitangazwa, askari yeyote wa adui anaweza kuingia kwenye kigae cha mhubiri wako na kumuua kama mzushi, na kila kifo cha namna hiyo hupunguza msukumo wa dini yako katika miji ya karibu. Mhubiri anaweza kusimama kigae kimoja na askari wako, kwa hiyo katika nchi yenye joto la vita wasindikize.

Hatua ya nane: ulinzi, hata kwa asiye na dini

Mhubiri hununuliwa akiwa na dini iliyo kuu katika mji anakonunuliwa, na sio dini uliyoianzisha. Mwenye kusahau hili hununua wamisionari wanne wa adui kwa Imani yake mwenyewe. Miji yako yote yenye wilaya za ibada ikigeuzwa, huna pa kununulia mhubiri wa kuirudisha, kwa hiyo linda angalau mji mmoja wenye hekalu kwa wivu.

Ukiona mitume wa jirani wakianza kuvuka mpaka, tumia mtume mmoja kuzindua msako wa uzushi katika ardhi yako. Atatoweka, lakini tangu hapo mahekalu yako yatauza wasaka wazushi, ambao ni dhaifu ugenini na wana nguvu ndani ya mipaka, na ambao huondoa sehemu kubwa ya dini ngeni katika mji kwa tendo moja. Wawili wakikaa katikati ya himaya wanatosha kwa muda mrefu. Mpaka uliofungwa hauwazuii wahubiri, na kwa sababu hiyo mkataba wa mipaka sio ulinzi.

Asiye na dini hana wasaka wazushi wake, lakini ana chaguo. Miji yako hupata fundisho la waumini la dini yoyote iliyo kuu ndani yake. Ukiwa na majirani wawili, mmoja mwenye Work Ethic na mwingine mwenye fundisho lisilokufaa, mkaribishe wa kwanza, na hata ununue wamisionari wake ukieneze mwenyewe ndani ya nchi yako. Hatari ni kwamba unamsogeza kwenye ushindi. Fungua ukurasa wa ushindi wa kidini kila zamu kumi, na mwenye dini akibakiza mataifa mawili, geuza nusu ya miji yako kwa dini ya mpinzani wake. Ukishindwa hilo, mtangazie vita na kuwaua wahubiri wake mmoja mmoja.

Wewe mwenyewe ukiwa ndiye uliyebakiza taifa moja, usiligeuze mji baada ya mji. Kompyuta hujibu kwa kununua mitume wengi, na uliyoyapata juzi huyapoteza leo. Kusanya mitume sita au saba wenye afya kamili nje kidogo ya miji yake, hakikisha miji inayozalisha msukumo nyuma yako imetulia, kisha piga miji yote unayoihitaji ndani ya zamu moja au mbili.